Afisa Humfuata Rubani, Dereva Humfuata Afisa

Wilaya ya Kasese ina malango mawili ya kuingilia Uganda. La kwanza ni uwanja mdogo wa ndege mjini Kasese, mmoja wa viwanja vitano vya mikoani vilivyotangazwa kuwa vituo rasmi vya kuingia na kutoka nchini, pamoja na Arua, Gulu, Pakuba na Kidepo. La pili liko Mpondwe, kando ya Bwera, penye mto Lhubiriha. Ukivuka daraja uko Kasindi, Kongo. Lango la kwanza hupokea ndege ndogo za watalii. La pili hupitisha saruji, mafuta, samaki, nguo, kahawa, kakao, mbao na chakula cha miji mizima ya Kivu ya Kaskazini. Sasa niambieni ni lango lipi ambalo sheria za dunia zimelihangaikia mpaka zikahesabu dakika, na ni lipi limeachiwa huruma ya mwenye muhuri.

Nitajibu mwenyewe, kwa kuwa wenye kupaswa kujibu wamenyamaza muda mrefu. Rubani akitua Kasese kutoka nchi jirani, ametoa taarifa mapema, majina ya watu wake yameshaandikwa kwenye fomu inayojulikana duniani kote, na afisa wa uhamiaji ndiye anayekwenda uwanjani kumngoja. Dereva wa trela akifika Mpondwe kutoka Mombasa, baada ya zaidi ya kilomita 1,500 za lami, mzani na matuta, yeye ndiye anayemtafuta afisa: dirisha hili, kontena lile, mlango ule wa nyuma, na mara nyingine chini ya mwembe. Wote wawili wako kazini na wote wanaendesha chombo cha mtu mwingine kuvuka mpaka wa nchi. Mmoja sheria inamwita mfanyakazi wa chombo cha kimataifa. Mwingine anaitwa "wewe wa gari lile."

Sina ugomvi na rubani. Marubani na wahudumu wa ndege wana malalamiko yao kuhusu uhamiaji viwanjani, na mengi ni ya haki. Umetua usiku wa manane, miguu imevimba, basi la hoteli linanguruma nje, na mbele yako pana dirisha moja lenye afisa mmoja na abiria mia mbili. Ukichelewa kulala, kesho ndege nayo itachelewa kuruka. Wanalalamika, na wanasikika, kwa sababu wana maandishi ya kushikilia. Desemba 1944, vita vikuu bado vinaendelea, wajumbe wa mataifa walikutana Chicago wakatia saini mkataba wa usafiri wa anga. Mwaka 1949 ukaongezewa Kiambatisho cha 9, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba uhamiaji, forodha na afya havigeuki boma la kufungia watu na ndege.

Kiambatisho hicho kinazitaka nchi ziweke utaratibu wa kuharakisha ukaguzi wa wafanyakazi wa ndege na mizigo yao, wanapofika na wanapoondoka. Kinatambua cheti maalumu cha mfanyakazi wa ndege, kinazitaka nchi zimruhusu mwenye cheti hicho aingie kwa muda, na kinazihimiza zisimdai viza akiwa kazini. Hata abiria wa kawaida hakusahauliwa: lengo lililopendekezwa ni dakika 45 kumaliza taratibu zote za kuwasili, na dakika 60 za kuondoka. Uganda imo katika mkataba huo, Kenya imo, Tanzania imo, Kongo imo. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba kuweka dakika mpakani ni ndoto za Wazungu. Serikali zetu zimeshaahidi dakika, kwa maandishi, kwa anayeshuka kwenye ngazi ya ndege.

Baharia naye ana ngao yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kitambulisho cha mabaharia mwaka 1958, likauandika upya mwaka 2003, ili mtu aliyefanya kazi melini wiki nzima aweze kushuka bandarini akanyooshe miguu bila kudaiwa viza kama mtalii. Mzigo wa Mpondwe, kabla ya kuwa wa dereva, ulikuwa wa baharia huyo. Umeshushwa Kilindini, bandari ya Mombasa, ukafungwa sili, ukapandishwa kwenye trela. Kontena ni lilelile, mzigo ni uleule, na ghafla binadamu anayeusafirisha amevuliwa kila haki aliyokuwa nayo mwenzake aliyeuleta kwa maji.

Wa barabarani wakaambulia nini? Mwaka 1979 shirika hilohilo lilipitisha mkataba wa saa za kazi za madereva: wasiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Ni mkataba mzuri, na nchi nyingi hazijauidhinisha. Na hata ungeidhinishwa kesho, mipaka hiyo ni ya saa za usukani. Saa za foleni umeiachia kila nchi iamue yenyewe kama zihesabiwe kazi.

Kwa nini ndege ikapewa na lori likanyimwa? Tusidanganyane. Ndege iliyokaa chini ni hasara ya mtu mkubwa, na mtu mkubwa ana simu ya waziri. Lori lililokaa chini ni hasara iliyogawanywa vipande vidogo vidogo hadi hakuna kipande chenye sauti. Dereva, ambaye mara nyingi hulipwa kwa safari, anapoteza safari ya pili ya mwezi. Tandiboi, yaani msaidizi wake, anapoteza posho. Kontena likichelewa kurudi Mombasa, kampuni ya meli hutoza faini ya kila siku, na mwenye lori anaipeleka kwa mwenye mzigo, mwenye mzigo anaipeleka dukani, na mama wa mji wa Beni, ng'ambo ya mpaka, anailipa kwenye kipande cha sabuni bila kujua kwamba amelipia usiku ambao afisa fulani wa Mpondwe au Kasindi alifunga dirisha mapema.

Tena tusijifanye kwamba foleni hii ni bahati mbaya iliyoanguka kutoka mlima Ruwenzori. Imetengenezwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina tarehe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe; tangu miaka ya 1990 imeachiwa nyasi, na kila tani iliyopaswa kupanda behewa imepanda trela. Juni 2022 waasi wa M23 waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana, kusini mwetu, na mizigo iliyokuwa ikipitia huko ikatafuta njia ya kaskazini. Sehemu kubwa ikaja kwetu. Kila aliyekuwa na macho aliona malori yanaongezeka Bwera. Aliyepaswa kuongeza madirisha akaongeza vizuizi.

Hebu tumfuate dereva huyu hatua zake. Upande wa Uganda ana forodha, uhamiaji, viwango, kilimo ikiwa amebeba mazao, afya ya mpakani, polisi na watu wa usalama. Akivuka daraja ana uhamiaji wa Kongo, forodha, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa na watu wa afya wanaotaka kadi ya manjano. Huku fomu ni za Kiingereza, kule ni za Kifaransa, na mazungumzo yote ya kweli, ya kuomba, kubembeleza, kutishana na kupatana, yanafanyika kwa Kiswahili. Huku anasema "afande, nisaidie," kule anasema "shefu, nisaidie." Maneno ni hayo pande zote mbili, na hayo ndiyo maudhi yenyewe: mtu mzima aliye na pasipoti halali, leseni halali, bima halali na mzigo wenye karatasi halali, bado anaomba msaada.

Juu ya hayo kuna saa ya ukutani. Bwera hufuata saa za Afrika Mashariki. Kasindi, hatua chache ng'ambo ya mto, iko nyuma kwa saa moja nzima. Bwera ikiwa saa tatu asubuhi, Kasindi ni saa mbili. Sasa chukua ofisi mbili zinazofungua na kufunga saa ileile, kila moja kwa saa ya ukuta wake. Asubuhi Bwera imefungua na Kasindi bado. Jioni Kasindi bado ina saa moja ya kazi na Bwera imeshafunga vitabu. Mchana kila upande unakwenda kula kwa wakati wake. Dereva aliyegongewa muhuri upande mmoja dakika kumi kabla ya upande wa pili kufunga hayuko Uganda tena na hajafika Kongo. Amelala kwenye daraja la sheria, na hakuna aliyevunja sheria yoyote! Kukubaliana juu ya saa moja ya kazi ya pamoja hakuhitaji mkopo wa benki. Kunahitaji wakuu wawili wa vituo wanywe chai pamoja mara moja.

Halafu tuhesabu mihuri. Dereva wa Kenya anayepeleka mzigo Beni anatoka Kenya, anaingia Uganda, anatoka Uganda, anaingia Kongo. Akirudi ni vivyo hivyo. Ikiwa kila kituo kinagonga pasipoti, hiyo ni mihuri minane kwa safari moja. Weka mihuri minne kila ukurasa, safari moja inakula kurasa mbili. Pasipoti ya Kenya ya kurasa 34 haifiki safari ya kumi na saba. Kitabu kilichokusudiwa kudumu miaka kumi kinakwisha muda wake ukiwa bado mbichi, na cha kukibadilisha ni pesa yake, siku zake na foleni nyingine mjini. Rubani anayepita mpaka uleule hewani anaorodheshwa kwenye fomu ya ndege, na katika nchi nyingi pasipoti yake haiguswi na wino.

Hapa ndipo watetezi wa foleni husimama na kusema neno lao kubwa: usalama. Nalichukua neno hilo kwa uzito, maana sisi wa upande huu hatukulisoma gazetini. Kundi la waasi la ADF lilianza vita vyake hapahapa Mpondwe, tarehe 13 Novemba 1996. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 lilirudi na kuingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, mwendo mfupi tu kutoka mpakani, likaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakichomwa ndani ya bweni lao. Asiwepo mtu wa kumfundisha Mkonzo, mwenyeji wa Kasese, maana ya usalama wa mpaka.

Basi nauliza, kwa heshima ya makaburi yale: wauaji hao walipanga foleni kwenye dirisha gani? Waligongewa muhuri na nani? Walikuja kwa miguu, usiku, kupitia vichochoro, na wakakimbilia msitu wa Virunga kwa njia hizohizo. Lori lililozuiliwa langoni siku mbili halikuwazuia hata dakika mbili. Wala Ebola ya Juni 2019 haikupita langoni. Mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, akafariki. Bibi yake na mdogo wake nao wakafariki. Familia hiyo ilipita njia ya panya, si kituo cha Mpondwe.

Na ni mwaka huohuo ambapo Mpondwe ilituonyesha inachoweza. Watu wa afya walisimama pale na ndoo za maji yenye dawa na vipimajoto, wakapima maelfu ya watu kwa siku. Mchuuzi alinawa, akapimwa, akapita. Siku ya gulio umati uliongezeka na mstari haukusimama. Walikuwa wanapambana na mojawapo ya magonjwa mabaya kuliko yote yanayojulikana, na hawakumwambia mtu arudi kesho. Kwa hiyo kila nikisikia kwamba umakini na haraka havikai nyumba moja, nawakumbuka vijana wale wa glavu na vipimajoto, na najua naambiwa uongo.

Mlinzi anayejua kazi yake anafurahia lango linalotembea. Mtu anayefuata sheria akipita upesi, macho ya mlinzi yanabaki kwa asiyeifuata. Ukimkawiza kila mtu sawa, umemjaza mlinzi kazi ya bure, na umemfundisha mtu mwema kwamba njia ya panya ina adabu kuliko njia ya serikali. Mchuuzi wa samaki anaweza kujifunza somo hilo, akavua viatu na kuvuka Lhubiriha maji yakiwa machache. Lori haliwezi. Ndiyo maana lori ndilo linalokamuliwa.

Neno la pili la watetezi ni magendo. Madereva si malaika, wanasema. Kuna pembe za ndovu, kuna mbao zisizo na kibali, kuna mafuta ya wizi, kuna kakao ya vita. Kweli kabisa. Mgala muue, haki yake mpe: wapo madereva wanaobeba haramu, na wakikamatwa wafungwe. Lakini angalieni ujanja uliomo kwenye hoja hii. Magendo yamo ndani ya mzigo. Mzigo una sili, una tamko la forodha, una mfumo wa kompyuta. Forodha ya Uganda na ya Kongo zote hutumia mfumo mmoja wa asili ya Umoja wa Mataifa, unaoitwa ASYCUDA huku na Sydonia kule. Ukishuku mzigo, fungua mzigo. Upekue mpaka ubao wa mwisho wa trela. Kwa nini binadamu afungiwe pamoja na gunia? Uwanja wa ndege hauwalazimishi wahudumu walale chini ya bawa kwa kuwa kuna sanduku moja la kukaguliwa. Mpondwe dereva hana pa kwenda: akiliacha gari, akirudi anakuta tairi la akiba limeondoka au turubai limechanwa, na hasara ni ya mshahara wake. Kwa hiyo analala ndani ya kabini au chini ya trela, anaoga kwa kuvizia, na haja yake anaitafutia kichaka.

Sasa tuseme lisilosemwa. Foleni ina wenyewe. Kila saa ya kungoja ina mtu anayeiuza. Yuko anayekuja dirishani mwa kabini na kunong'ona kwamba kwa kiasi fulani jina lako litakuwa la tatu badala ya la thelathini. Yuko anayejua kwamba karatasi yako haina kosa, na anajua pia kwamba wewe hujui kama anajua. Haraka ikiwa haki ya kila mtu, haiuziki. Ndiyo maana kila mageuzi ya mpakani yanapokelewa kwa makofi mbele ya kamera na kuzikwa siku ya pili.

Mfano wenyewe uko ng'ambo ya daraja, kwenye vitabu vya Kongo. Tarehe 28 Machi 2002, amri ya rais namba 036 ilitaja idara zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani. Ni nne tu: uhamiaji, forodha, ukaguzi wa bidhaa na afya. Nne! Miaka zaidi ya ishirini imepita, na kila dereva anayekwenda Beni au Butembo atakuhesabia vidole vya mikono miwili kabla hajamaliza kutaja waliomwomba karatasi. Wengine wana sare, wengine wana kofia tu. Sheria ya kuondoa foleni ya Kasindi iliandikwa kabla baadhi ya matandiboi wa leo hawajazaliwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya wale wa tano, wa sita na wa saba, kisha awaonyeshe njia ya kurudi kwao.

Na Uganda isijipake mafuta. Kwetu idara ni halali zote, na hilo haliondoi ukweli kwamba kila moja ina meza yake, daftari lake na saa yake ya kunywa chai. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani mwaka 2016, ili mtu asimame mara moja upande anaoingilia na maofisa wa nchi zote mbili wamalizane naye hapo. Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mfumo huo unajulikana. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Dereva anayejua jinsi mambo yanavyoweza kwenda Busia akifika Mpondwe ana haki ya kuuliza kama amebadilisha mpaka au amebadilisha karne.

Viongozi wetu wanaujua mpaka huu vizuri sana wakati wa kukata utepe. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapa Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ndani ya Kongo: kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, 54 za Beni hadi Butembo, 89 za Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Jumla kilomita 223. Tulipiga vigelegele, na tulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa 2024 nchi hizi mbili zikafutiana ada ya viza, tukapiga tena. Yote mazuri. Lakini lami inamfikisha dereva langoni mapema ili aanze kungoja mapema. Ukitengeneza kilomita 80 na kuacha mita 200 za langoni kama zilivyo, umejenga maegesho marefu kuliko yote Afrika Mashariki.

Tena kungoja huko kunaua, ingawa hakutaandikwa kwenye cheti cha kifo. Rubani akikaa kazini kupita saa zilizowekwa, sheria inamkataza kuruka. Abiria watanuna, kampuni itakula hasara, lakini hataruka. Dereva aliyekesha siku mbili kwenye foleni, akiamka kila lori la mbele linaposogea ili asipitwe, akiachiliwa saa kumi jioni anaambiwa akimbie kabla ya giza. Barabara ya Kasindi hadi Beni ina historia ya kuvamiwa. Malori yamechomwa humo na watu wake kuuawa, na mara nyingi magari husindikizwa na wanajeshi kwa misafara. Ukiukosa msafara kwa sababu muhuri ulichelewa, uamuzi ni wako: ulale Kasindi, au uende peke yako. Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Nani atalaumiwa lori hilo likivamiwa? Magazeti yatasema waasi. Hakuna atakayeandika kwamba kabla ya mwasi kulikuwa na karani.

Nao madereva wamejifunza kwamba lugha moja tu inaeleweka. Januari 2022 waligoma Malaba wakipinga kutozwa dola 30 kwa kipimo cha korona. Foleni ikafika makumi ya kilomita, vituo vya mafuta Uganda vikakauka, bei ikaruka. Hapo ndipo Kampala ilipogundua kwamba petroli haiji yenyewe. Je, tunataka watu hawa wawe wanatukumbusha hivyo kila mara?

Kwa hiyo naomba mambo manne, na neno "naomba" nimelitumia kwa adabu tu.

Kwanza, kadi ya dereva na msaidizi wake katika safari za kimataifa, itambuliwe na nchi zote nane za Jumuiya. Mwenye kadi apekuliwe historia yake siku ya kuipata, kwa kina, na isomwe kwa mashine siku ya kupita. Wa ndege wanayo, wa meli wanayo. Wa lori amekosa nini?

Pili, majina yatangulie. Tamko la forodha huandikwa kabla lori halijafika. Jina la dereva, la tandiboi na namba za kadi zao ziingizwe humohumo. Afisa wa uhamiaji Mpondwe na mwenzake wa Kasindi wawe na siku nzima ya kumchunguza mtu ambaye bado yuko njiani Mbarara. Akifika, awe ameshajulikana.

Tatu, mtu atenganishwe na mzigo. Dirisha la watu wa malori peke yao, na uwanja wa kuegesha wenye ukuta, taa, mlinzi anayewajibika, choo, bafu na vitanda. Mzigo ukibaki kukaguliwa wiki nzima, ubaki. Mwenye kuuendesha alale kama mwana wa watu.

Nne, dakika. Bandikeni kwenye ubao mkubwa, kwa Kiswahili, pande zote mbili za daraja: uhamiaji wa dereva, dakika 45. Chini yake liwepo jina la mkuu wa zamu na namba ya simu inayopokelewa. Kila mwisho wa mwezi itangazwe redioni Kasese na Beni ni wastani wa muda gani uliotumika kweli, kwa mtu na kwa mzigo. Ofisi inayoficha muda wake ina kitu kingine inachokificha.

Mtaniambia hakuna fedha. Kadi ni plastiki, na madereva watainunua wenyewe kwa furaha, maana ni rahisi kuliko pasipoti mpya kila mwaka. Ubao ni mbao na rangi. Kompyuta zipo. Kukubaliana saa ya kufungua ni bure. Kinachogharimu ni kuwaondoa wanaoishi kwa foleni, na gharama hiyo hailipwi na hazina. Inalipwa kwa ujasiri wa wakubwa, ambao ndio bidhaa adimu kuliko zote zinazopita Mpondwe.

Dakika 45 kwa dereva zikionekana ni ahadi kubwa mno, basi tutendeane haki kwa njia nyingine: futeni na za rubani. Kila anayetua Kasese, awe rubani, mtalii, mbunge au waziri mwenye ndege ya kukodi, apakiwe kwenye gari, aletwe Mpondwe, apange nyuma ya trela la saruji na angoje zamu yake kwa saa za huku na saa za kule. Nawapa siku tatu. Ya nne madirisha yatakuwa ishirini.